Nani mwenye haki ya kupitisha kiraka? Kilo 70 za maziwa zimetupotea hewani

Mwalimu_Njoro

Wadau, habari za jioni. Naandika nikiwa nimechoka, mnivumilie nikirefusha.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Njoro. Mwaka 2019 mimi na marafiki wawili tuliandika programu ndogo ya kituo cha maziwa. Mkulima anafika alfajiri, maziwa yanachujwa na kumiminwa kwenye ndoo iliyo juu ya mizani, karani anabonyeza namba ya mkulima kwenye tableti, kilo zinaingia, na ujumbe mfupi unamfikia mwenyewe kabla hajawasha pikipiki kurudi nyumbani. Tukaiachia iwe programu huria, anayetaka achukue. Wakachukua kweli. Iko Molo, iko Bomet, iko Kitale, na iko kituo kimoja upande wa Vihiga ambacho sikujua kipo mpaka walipotutumia kiraka, yaani marekebisho ya programu waliyoyaandika wenyewe.

Hapo kwenye viraka ndipo shida ilipo. Tulipokuwa watatu mtu aliandika, akatupigia simu, tukaingiza. Sasa kuna viraka 31 vinasubiri, cha zamani kabisa kina miezi minane. Wenye ruhusa ya kuingiza kitu kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya programu, bado ni sisi watatu wa mwanzo. Mimi, ambaye nina wanafunzi 200 na madaftari yao. Wa pili ni kijana anayefanya kazi mjini Nakuru, mwepesi sana, anapitia viraka usiku akishafunga kazi. Wa tatu alienda Qatar mwaka juzi na tangu Oktoba hajajibu chochote, ingawa namwona anabadilisha picha WhatsApp.

Sasa sikieni kilichotokea wiki mbili zilizopita. Jamaa wa Kitale alituma kiraka kizuri tu. Kituo chao kinapima kwa kilo lakini kinalipa kwa lita, na lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Kwa hivyo akaweka mstari unaogawanya uzito kwa 1.03. Akarekebisha na majaribio ya kiotomatiki ili yakubaliane na mstari wake, kama inavyotakiwa. Kijana wetu akakisoma saa tano usiku, akaona msimbo, yaani maandishi ya programu, ni safi, majaribio yote ni ya kijani, yamefaulu, akaandika "safi sana kaka" na kukiingiza. Tableti zetu huchukua toleo jipya zenyewe saa kumi alfajiri.

Sisi tunalipa kwa kilo.

Asubuhi ile mama mmoja mwenye ng'ombe wanne alipima, akasubiri ujumbe wake pale pale kama kawaida yake, akausoma, akamwonyesha karani simu. Mizani, ukitoa ndoo, inasema 20, simu inasema 19.42. Akauliza, "Sasa hizi zingine mmenywa saa ngapi na nimesimama hapa?" Karani alidhani mama hajasoma vizuri. Siku ya pili walikuwa watano. Siku ya tatu karani alinipigia simu nikiwa darasani. Nilipojumlisha, kituo kinachopokea kilo 2,400 kwa asubuhi kilikuwa kimeandika 2,330. Kilo 70 kila asubuhi, kwa siku tatu, kwa shilingi 45 kwa kilo. Tumezirudisha zote, lakini mjue wakulima hawasemi "kulikuwa na hitilafu". Wanasema mwalimu ameiba maziwa.

Nilitaka kumkasirikia kijana, nikashindwa. Msimbo ulikuwa sawa kweli. Ningeusoma mimi pia ningeupitisha. Aliyekuwa na uwezo wa kukizuia kiraka kile ni karani, maana ndiye anayejua kituo kipi kinalipa kwa nini, na karani hana hata akaunti.

Siku hiyo hiyo kijana wa Bomet, ambaye viraka vyake vitatu vinasubiri tangu mwaka jana, aliandika, "Mwalimu, kama hamtaki kazi yangu semeni tu nijue." Nililala vibaya.

Swali langu ni hili. Mnagawanyaje ruhusa? Nikiongeza wenye funguo, nitaletewa 1.03 nyingine. Nikiwapunguza, viraka vitafika 60. Na huyu wa Qatar nimfanyeje? Ndiye aliyeandika sehemu yote ya mizani.

---

Fundi_wa_Kondele

Mwalimu pole. Mimi ni wa maneno machache.

Wa Qatar mwondolee ruhusa leo. Siyo kwa ubaya. Akaunti yenye ufunguo ambayo mwenyewe hayuko ni dirisha lisilo na kitasa.

Viraka vya rangi, tahajia, tafsiri ya Kikalenjin na Kiluhya, visimsubiri mtu. Miradi ya Apache, taasisi kubwa ya programu huria, ina desturi kwamba jambo likitangazwa na saa 72 zikapita bila mtu kupinga, linachukuliwa kuwa limekubaliwa. Na anayepinga kiraka sharti atoe sababu ya kiufundi, akisema "hapana" tu bila sababu haihesabiwi. Ukitumia hiyo, 31 zako zitabaki 10 kufikia Jumapili.

Na huyo wa Bomet mjibu kabla hujalala. Hata neno moja.

---

Nyarkano_Eldy

Mwalimu, naongea kama mtu aliyekaa miaka sita na programu za rekodi za wagonjwa hapa Eldoret, kwa hivyo hadithi yako ya 1.03 imenikumbusha miligramu na mililita, na sisi hatuwezi kumrudishia mtu shilingi 45.

Nakubaliana na Fundi kuhusu tahajia. Lakini saa 72 za kimya zisiguse mizani hata siku moja. Kimya kwenu hakina maana ya kukubali, kina maana kwamba watu wako shambani.

Unauliza nani awe na ufunguo, kana kwamba ni ufunguo mmoja. Angalia wenzetu wakubwa. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo wa kuendesha kompyuta, ina faili moja liitwalo MAINTAINERS. Kila sehemu imeandikwa pale: faili zipi, nani anazitunza, barua zitumwe wapi, na hali yake. Hali ndiyo naipenda. Kuna sehemu ambayo mtu analipwa kuitunza, kuna ambayo mtu anaitunza tu, kuna ya kurekebishwa mara moja moja mtu akipata nafasi, na kuna iliyoandikwa yatima. Waziwazi, yatima. Hakuna anayeona aibu. Linus Torvalds, mwanzilishi wake, hasomi kila kiraka. Anachukua kutoka kwa watunzaji wa sehemu, nao wamechukua kutoka kwa walio chini yao. Sehemu yenu ya mizani ni yatima tangu Oktoba na hakuna aliyeiandika hivyo, kwa hivyo kila mtu alidhani ina baba.

Pili, kupitia na kupitisha ni kazi mbili. Kubernetes, mradi wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, wamezitenganisha kabisa: kila saraka ina orodha ya wapitiaji na orodha ya wapitishaji. Mpitiaji anasema msimbo umeandikwa vizuri. Mpitishaji anasema kitu hiki kinafaa kuwepo hapa. Kijana wako alifanya kazi ya kwanza, na aliifanya vizuri. Ya pili haikufanywa na mtu yeyote. Huyo wa Bomet, kama viraka vyake ni vizuri, mfanye mpitiaji wa sehemu moja kesho. Haimpi ufunguo wowote, inampa kazi na jina lake kwenye faili.

Tatu, karani. Hapa ndipo nataka unisikilize. Umesema mwenyewe kwamba ndiye pekee angeweza kukizuia, kisha ukauliza habari za watu wengine! OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa ambayo ilianza 2004 na ikaingia kazini mara ya kwanza hapa hapa Eldoret 2006, haiendi popote bila kamusi ya istilahi za kitabibu, na ile inayotumiwa sana, CIEL, imelelewa na daktari. Mwenye kujua homa ni nini ndiye anayesimamia neno homa. Kwa nini kilo isisimamiwe na anayepima?

Na jambo dogo la mwisho. Linux wana dirisha. Baada ya kila toleo wanapokea mambo mapya kwa wiki mbili, kisha wanafunga na kwa wiki kama saba wanarekebisha tu. Nyinyi mna tarehe ya malipo. Kitu chochote kinachogusa hesabu kiingie siku kumi za kwanza za mwezi, baada ya hapo mlango ufungwe. Na hiyo ya tableti kujichukulia toleo saa kumi alfajiri, jamani. Kituo kimoja kianze, vingine vifuate baada ya siku mbili.

---

Mwalimu_Njoro

Asanteni sana. Wa Bomet nimemjibu. Amefurahi mpaka nimeona haya.

Dada Nyarkano, la karani limenikaa lakini sioni njia. Ni mama wa miaka 50 na kitu, amepima maziwa tangu enzi za daftari la kurasa ndefu, hesabu za kichwa anatushinda wote. Lakini nikimfungulia kiraka aone mistari ya kijani na nyekundu, atapitisha kwa sababu mimi nimesema ni sawa. Hiyo siyo idhini, hiyo ni heshima.

La kugawanya sehemu nimejaribu leo mchana. Tuko GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo, nikaweka faili la CODEOWNERS, linalosema kila sehemu iidhinishwe na nani: folda ya mizani ni yangu na kijana lazima tuangalie, folda ya malipo ni yangu, na kila kitu kingine ni cha kijana. Nikafungua kiraka cha majaribio kinachogusa mizani. Kikaenda kwa kijana peke yake! Nimelisoma faili lile mara tano.

---

Usiku_Kibuye

Mwalimu, ule mstari wa nyota, wa "kila kitu kingine", umeuweka juu au chini?

---

Mwalimu_Njoro

Chini. Si ndio "kila kingine"?

---

Usiku_Kibuye

Ndio shida. Pale mstari wa mwisho unaolingana na faili ndio unaoshinda. Nyota inalingana na kila kitu, kwa hivyo umeyafuta yote ya juu. Ipandishe iwe ya kwanza.

Vitu vingine vya kuangalia ukiwa hapo, maana hata sisi tuliumia navyo. Ukiandika majina mawili kwenye mstari mmoja, mmoja wao akiidhinisha inatosha, haidai wote. Mtu ambaye hana ruhusa ya kuandika kwenye ghala lenu, jina lake halihesabiwi. Na faili lenyewe halizuii chochote mpaka uende kwenye mipangilio ya tawi kuu udai idhini ya wenye sehemu. Ukiwa pale weka pia idhini ifutike mtu akiongeza msimbo mpya baada ya kuidhinishwa. Tulikuwa na mmoja alikuwa anapata idhini kwa mistari miwili halafu anaongeza arobaini.

---

Mzee_Lurambi

Nimekuwa kwenye Debian, mfumo wa kompyuta wa jamii ya Linux, kama mtumiaji tangu diski zinanunuliwa, na viraka vichache. Nina la kusema juu ya Qatar na juu ya haraka.

Fundi amesema mwondoe. Sawa, lakini mwandikie kwanza, umwambie siku utakayoondoa, na umwachie jina lake pale juu kama mwanzilishi aliyestaafu. Akirudi arudi kwa kuomba, na apewe. Kule Debian, kifurushi kina mtunzaji wake, lakini akinyamaza mtu mwingine anaweza kupakia rekebisho bila yeye. Mara nyingi analiweka kwenye foleni ya siku kadhaa ili mwenyewe akiamka alizuie. Haumvunjii mtu heshima, na kazi haisimami.

Sasa haraka. Mwalimu, ulivyoandika "nimechoka" na "nimelala vibaya" nimeshtuka kidogo. Mnakumbuka xz, Machi 2024? Maktaba ya kubana data iliyoko karibu kila mahali, mtunzaji mmoja, amechoka na amesema hadharani kwamba amechoka. Wakatokea watu wasiojulikana kumlaumu kwamba viraka vinachelewa, aongeze mtu. Na mtu alikuwepo, mpole, mchapakazi, amefanya kazi nzuri miaka kama miwili. Akapewa. Akaingiza mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu. Aliyegundua ni Andres Freund, kwa sababu kuingia kwa ssh, njia ya kufikia kompyuta ya mbali, kulikuwa kumechelewa nusu sekunde na yeye hakukubali kuachana nayo. Yule mama wa gramu 580 angefaa sana kwenye kazi ile.

Sisemi wa Bomet ni mwizi! Nasema lawama ya kuchelewa isiwe ndiyo inayotoa funguo. Mpe sehemu ndogo, mkutane ana kwa ana, mnywe chai. Bomet siyo mbali na Njoro.

Na kuhusu karani, umekosea mahali pamoja. Umefikiri ni lazima asome msimbo. Mpe kitu anachosoma.

---

Nyarkano_Eldy

Mzee amenitoa neno mdomoni. Jedwali, mwalimu. Faili moja la kawaida, kama ukurasa wa daftari lake. Kituo, mizani inasema ngapi, mkulima aandikiwe ngapi. Mistari ishirini, aiandike YEYE kwa mkono na wewe uichape. Majaribio yasome kutoka kwenye jedwali hilo. Jamaa wa Kitale akileta 1.03 yake, ama ataongeza mistari ya kituo chao bila kugusa yenu, ama atabadilisha mistari yenu. Akibadilisha yenu, kiraka hakiingii mpaka karani aseme. Hapo hana haja ya kuheshimu mtu. Anaangalia 20 imekuwa 19.42.

Linux wana alama chini ya kiraka kwa kila kazi: aliyepitia, aliyejaribu, mwenye sehemu aliyekubali. Tena tangu 2004 kila mtumaji anaweka sahihi yake kwamba ana haki ya kukitoa. Siyo lazima kila sahihi iwe ya mtu anayejua kuandika msimbo.

---

Fundi_wa_Kondele

Na sahihi yenyewe aiweke wapi? Mtamfungulia mama akaunti na ruhusa ya kuandika?

---

Usiku_Kibuye

Afunguliwe. Tawi kuu likiwa limefungwa hawezi kulivunja hata akitaka. Jedwali liwe na mstari wake kwenye CODEOWNERS, jina lake peke yake, siyo na la mwalimu, la sivyo mwalimu ataidhinisha kwa niaba yake siku ana haraka. Nawajua walimu.

---

Mwalimu_Njoro

Wadau, nimerudi. Siku tisa zimepita.

Nyota imepanda juu, inafanya kazi. Wa Qatar nilimwandikia, akajibu baada ya dakika nne (dakika nne! tangu Oktoba!), anasema anafanya kazi zamu za usiku na alikuwa anaona aibu kujibu. Amekubali kutoka kwenye funguo na ameniandikia kurasa mbili za maelezo ya sehemu ya mizani. Wa Bomet alikuja Jumamosi, amechukua folda ya ujumbe mfupi kama mpitiaji. Viraka vimebaki 14. Kijana wetu wa mjini bado ananuna kidogo, anaona kama nimemfunga mikono, nitaongea naye.

Sasa karani. Nilimpelekea karatasi, nikamwambia aandike mistari ishirini ya kupima jinsi anavyotaka iwe. Aliandika mitatu akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Hii ndoo mnayotoa, mnatoa ngapi?"

Ndoo ya kupimia programu inaitoa yenyewe. Nikafungua msimbo nikamwonyesha: kilo 1.8, iliandikwa 2019. Akainuka, akaiweka ndoo tupu kwenye mizani. Mbili kamili. Ile ya zamani ilitoboka Januari, wakanunua ya chuma, nzito zaidi. Kwa hivyo kila mkulima amekuwa akipewa gramu 200 za bure kila asubuhi tangu Januari. Ukizidisha kwa watu 160 ni kilo 32 kwa siku. Mwenyekiti alikuwa anaziandika kama maziwa yaliyomwagika.

Nilimuuliza mbona hakuna mkulima hata mmoja aliyelalamika. Alinitazama tu.

Kiraka nimeshakiandika, ni namba moja tu. Kinasubiri sahihi yake. Anasema haweki mpaka nimpe barua ya mwenyekiti, na kwamba hata akiweka, dirisha lenu la siku kumi limeshafungwa, tusubiri mwezi mpya.